Breki ya Mguu wa Kushoto

Siku mume wangu alipoanguka, injini ya pikipiki yake ilikuwa imefunguliwa yote na kutandazwa sebuleni kwetu Kibamba, juu ya mkeka na magazeti ya zamani. Vichwa vya silinda vilikuwa chini ya meza ya televisheni. Pistoni zilikuwa kwenye sinia ninalochambulia mchele. Tulikuwa tumegombana asubuhi ile kwa sababu ya sinia hilo. Niliondoka kwenda kazini nimenuna, na mchana jirani akanipigia simu: njoo upesi, mumeo amedondoka.

Kilikuwa kiharusi. Kilimchukua upande mzima wa kushoto, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Aliporudi kutoka hospitali maneno yake yalitoka nusunusu, kama maji ya bomba siku ya mgawo: neno linaanza, linakatika, linarudi kwa nguvu pale usipolitegemea. Mtu mwenyewe alikuwa yuleyule ndani. Hilo nililiona machoni, na ndilo lililonitisha zaidi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kiitaliano, kubwa, nzito, yenye umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Silinda zake mbili zimetokeza huku na huku kama magoti ya mtu aliyechutama. Mume wangu aliikuta kwao Iringa, kwenye banda la misheni, ambako padre mmoja Mtaliano aliiacha aliporudi kwao kuzeeka. Kuku walikuwa wakitagia juu ya tangi. Akaiomba, akapewa, akaileta Dar juu ya lori la viazi. Pale mtaani watu waliiita Mtaliano. "Mtaliano kaamka leo?" wangemuuliza, na yeye angejibu, "Kaamka, ila ana mafua," maana yake kabureta imeziba tena.

Mimi sikuipenda. Niseme ukweli, nilikuwa naionea wivu.

Wiki ile ya kwanza ya kutoka hospitali shemeji yangu, kaka yake mkubwa anayeishi Boko, alikuja kutusaidia kupanga nyumba. Ni mtu mwema, mwepesi wa kutoa uamuzi. Alisimama mlangoni pa sebule, akaangalia vyuma vile vilivyotapakaa, akasema, "Shemeji, hapa panahitajika kitanda cha mgonjwa. Haya machuma yatoke. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu, anakuja kuyabeba kwa kirikuu chake mchana huu."

Mume wangu alikuwa kwenye kochi pembeni yetu. Nilisikia sauti ambayo sikujua kama ni yake. Nilipogeuka nikamkuta ameshajitupa chini. Alikuwa akijikokota kwa mkono mmoja juu ya mkeka, boliti zikimchoma mbavu, mpaka akafika kwenye sinia langu. Akaikamata pistoni moja, akaiingiza chini ya kifua chake na kulala juu yake.

Shemeji alikuwa amefumba macho.

"Vibaki," nikasema.

"Shemeji, jamani. Atalala wapi?"

"Atalala chumbani kwake, kama siku zote. Na huyo mtu wa kirikuu mpigie simu asije."

Nilisema hivyo kwa ukali nisioufahamu, kisha nikaenda kumwinua mume wangu. Hakukubali kuiachia pistoni mpaka shemeji alipokwisha kuondoka.

Kabla ya kuhamia ofisi za mjini nilikuwa bibi shamba vijijini Kisarawe, nikizunguka kwa pikipiki ndogo ya serikali. Kubadili plagi nilijua, kusafisha kabureta nilijua, kuziba pancha pia. Injini iliyofunguliwa yote sikuwahi kuigusa. Lakini ile sebule ilinishinda kuipita. Kila nikipeleka chai namkuta ameviangalia vile vyuma kama mtu anayeangalia watoto wake wamelala nje. Jumapili moja baada ya misa nikavua kitenge, nikavaa suruali ya zamani, nikakaa mkekani mbele yake.

"Haya," nikasema. "Nionyeshe kinachoanza."

Halafu akanyoosha fimbo yake ya kutembelea na kugusa kitu kama pete pana.

Ndivyo tulivyoanza, na isidhaniwe kwamba ilikuwa kazi tamu. Yeye alijua kila kitu na hakuweza kusema. Mimi niliweza kusema na sikujua chochote. Nikichukua kitu kisicho chake anatikisa kichwa. Nikibisha anapiga fimbo sakafuni. Nikamwambia mie si punda wake. Akajibu neno ambalo, kwa bahati nzuri, halikutoka lote. Kulikuwa na siku tulizofanya kazi bila kuangaliana, na majirani wakipita dirishani wanasikia fimbo tu, ko, ko, ko, na mimi nikisonya.

Kukaza boliti za vichwa vya silinda ndiko kulikokuwa kugumu. Ukilegeza, hewa inavuja. Ukikaza mno, unang'oa uzi wa ndani unaoshika boliti, na kichwa kama kile huwezi kukipata hapa mjini. Mara ya kwanza nilikaza mno. Ilitoka sauti ndogo kama ya mfupa wa kuku unaovunjwa. Mume wangu aliipokonya spana mkononi mwangu akairusha ukutani, ikapasua kioo cha picha yetu ya harusi. Nikatoka nje. Nikasimama nyuma ya tangi la maji nikiwaza kwamba naweza kuchukua mkoba sasa hivi, nikatembea mpaka barabarani na nisirudi. Niliwaza hivyo kwa dhati, sikuwa natania.

Niliporudi ndani alikuwa amekaa sakafuni akiokota vipande vya kioo kwa ule mkono wake mmoja, akivipanga kwenye magazeti. Hakuniangalia. Nami nikachuchumaa upande wa pili tukaokota pamoja.

Uzi ulioharibika tulimpelekea fundi wa kuchonga vyuma, akaurudisha. Safari hii, nilipokaza, mume wangu aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Hakusukuma. Alikuwa anasikiliza kwa kiganja. Boliti ilipofika anapopataka akasema, "Ba...si." Tukaenda kwenye nyingine. "Ba...si." Mpaka zikaisha.

Siku ya kuiwasha majirani walikuja kutusaidia kuitoa nje. Nikabonyeza stata. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikabonyeza tena, ikapiga mlio mmoja kama bunduki, watoto wakatawanyika. Nilitaka kuacha. Mume wangu akanyoosha kidole kwenye kabureta ya kulia, akazungusha kidole hewani kidogo sana, kidogo kuliko ninavyoweza kueleza. Nikafuata. Mtaliano akaamka. Alitikisika huku na huku kama kawaida yake, halafu akatulia, akawa anahema polepole. Nusu ya uso wa mume wangu ilicheka. Ile nusu nyingine ilibaki vilevile, lakini nilijua nayo ingecheka.

Kuiendesha kulikuwa kesi nyingine. Pikipiki zote nilizozijua gia iko mguu wa kushoto, breki ya nyuma mguu wa kulia. Mtaliano amegeuzwa: gia kulia, breki kushoto. Ndiyo maana yeye mwenyewe asingeweza kuipanda tena. Klachi ilimtaka mkono wa kushoto na breki ilimtaka mguu wa kushoto. Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, yeye akiwa pembeni juu ya kiti cha plastiki. Siku ya pili lilirudi nyuma lori la matofali bila kuangalia. Nikaogopa, na mwili ulioogopa hukimbilia ulichojifunza kwanza. Nilikanyaga kulia. Badala ya kusimama, Mtaliano alibadili gia, akaruka, akaniingiza kwenye michongoma. Nilitoka nikiwa nimechanika mikono yote miwili. Mume wangu alikuwa amesimama. Peke yake, bila fimbo, akiyumba, analia kwa sauti: "Ku...sho...to! Ku...sho...to!"

Nilijifunza kushoto. Ilinichukua msimu mzima wa mvua.

Ila yeye alibaki kwenye kiti cha plastiki. Kutoka alikuwa hataki. Kumpeleka hospitali kwenye mazoezi ya viungo kulikuwa vita. Bajaji ilipofika, vijana wa pale stendi walimbeba kama gunia la mkaa, kwa nia njema kabisa, na yeye alikuwa akigeuza uso ukutani mpaka wamfikishe ndani. Mazoezi yakawa yanakosekana. Akaanza kukonda. Ndipo likanijia wazo la kigari cha ubavuni, kile kigari cha gurudumu moja kinachofungwa pembeni ya pikipiki, abiria akakaa chini karibu na dereva.

Kigari nilikipata Temeke, kwa mzee mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake imeuza vipuri tangu enzi za vespa. Kilikuwa uani kwake kimepandwa mnanaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Wewe ndiye uliyepiga simu? Hiki kilikuwa cha marehemu baba. Alikuwa akimbeba mama humu kwenda kwao Kariakoo, na mama anashika buibui lake hivi." Akaonyesha. "Unataka kumbeba nani?"

"Mume wangu. Kapooza."

Kisha akaanza kung'oa mnanaa mwenyewe, shina moja moja, akiuweka kwenye ndoo.

Kazi ya kukifunga niliipeleka Mbagala, kwa fundi wa kuchomelea aliyesifiwa na wengi. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa mkono. "Sista, hapa umefika. Mie nimetengeneza mpaka guta za kubeba simenti." Alifanya kazi nzuri machoni, akapiga na rangi. Mtaliano akarudi Kibamba juu ya kirikuu, akiwa na kigari chake upande wa kushoto, cheusi, kinang'aa.

Mume wangu alikizunguka taratibu. Mara akainama kwa shida na kuweka kidole kwenye bomba la chini, pale lilipochomelewa kwenye fremu ya pikipiki. "Hapo," akasema. "Hapo... ha..."

"Najua umeipenda rangi ya zamani," nikasema. "Lakini ilibidi iguswe."

"Ha...po!" Akagonga kwa ukucha.

Nilimwelewa kwa namna niliyoweza. Alikuwa mtu ambaye miaka yote hakuruhusu hata kioo cha pembeni kibadilishwe. Fremu ya Mtaliano kwake ilikuwa kama msahafu. Nikajua anaomboleza. Kila jioni alikwenda pale akaweka kidole. Kila jioni nikamwambia, "Utazoea."

Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa ya kwenda Boko, kwenye kipaimara cha binti wa shemeji. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Iringa na hakuwa amemwona mwanawe tangu augue. Tulitoka asubuhi, yeye na suti yake ya harusi na kofia ya pikipiki, mimi na gauni langu limekunjwa kwenye mfuko miguuni pake. Alikataa kuingia mpaka nikamwambia kwamba mama yake anamsubiri. Aliingia kama anayeingia kizimbani.

Pikipiki yenye kigari haiendeshwi kama pikipiki. Ukiongeza moto, inavutwa kushoto. Ukishika breki, kigari kinataka kutangulia, na pua inageuka kulia, kwenye magari yanayokuja. Nilikuwa nimefanya mazoezi, nilijua. Morogoro Road tulikwenda taratibu, tukakata Mbezi, tukashika njia ya Goba. Watu walituangalia. Mwanamke anaendesha, mwanamume na suti kakaa chini ubavuni. Nilimchungulia: alikuwa anatazama mbele, na mkono wake wa kulia, ulio mzima, ulikuwa umeshika ukingo wa kigari karibu na goti langu.

Baada ya Goba kuna miteremko. Katika mmojawapo, kabla ya Madale, nilihisi usukani umekuwa mzito. Nikashika breki kidogo. Ikasikika sauti chini yetu, kama mtu kakanyaga bati. Nikashika tena, na safari hii Mtaliano akavuta kulia kuliko kawaida, akavuka mstari, na kwa mbele, kwenye kupanda, lilikuwa linakuja tipa la mchanga likiwasha taa.

Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Ile ya kushoto. Sikukosea mguu.

Mume wangu akanipiga. Alinipiga ngumi ya goti, kwa mkono ule mzima, kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo. Nilidhani hofu imemtia wazimu. Nikabana breki zaidi. Akanipiga tena, mpaka mguu ukaruka kutoka kwenye pedali, na akapaza sauti:

"Gia! Gia!"

Hapo ndipo nilipotupa jicho na kuona. Bomba la chini lilikuwa limeachana na fremu. Kila niliposhika breki kigari kilisogea mbele na ule mwanya ukapanuka. Kilikuwa kimeshikwa na bomba la juu peke yake, na mume wangu yumo ndani. Breki ndiyo iliyokuwa inakiua.

Nikashusha gia. Injini ikaunguruma, mwendo ukapungua. Nikashusha nyingine. Tipa lilitupita kwa upepo wa moto na honi ndefu, mchanga ukatupiga usoni. Nikavuta kushoto polepole, mpaka magurudumu yakaingia kwenye kokoto za kiwanja ambacho mtu alikuwa anajenga, na kokoto zikatusimamisha zenyewe.

Injini ikazimika. Nikashuka, nikakaa chini palepale kwenye kokoto. Mume wangu akainama nje ya kigari, akanyoosha kidole kwenye lile chomeleo lililofunguka kama mdomo.

"Ha...po," akasema. "Ha...faa. Hapo ha...pafai."

Wiki nzima alikuwa ananiambia hivyo. Mimi nikadhani ni huzuni ya rangi.

Nilianza kulia, halafu nikakasirika. "Kwa nini hukuendelea kukataa kupanda? Ulijua, na bado ukapanda!"

Alitafuta maneno. Yalichelewa. Magari yalipita, mtu mmoja akapunguza mwendo kutuangalia, akaendelea.

"Sa...hani," akasema, neno silo alilolitaka. Nikatikisa kichwa, sielewi. Akajaribu tena, jasho likimtoka. "Si...kuwa na... ha...kika. Na ma...ma."

Kwamba hakuwa na hakika. Kwamba mama yake alikuwa anasubiri. Na kuna la tatu ambalo hakulisema, nikalisoma mwenyewe usoni pake: kwamba baada ya kuonyesha jioni zote hizo bila kusikilizwa, alikuwa ameanza kudhani kwamba huenda hata anachokijua hakijui tena.

Shemeji alikuja kutuchukua na gari la kuazima. Hakutulaumu, ila alipoliona lile chomeleo alishika kichwa. Boko tulifika sherehe ikiwa imeshaanza, mimi na suruali yenye vumbi. Mama mkwe alimshika mwanawe mashavu yote mawili, lile lililo hai na lile lililolala, akamwita kwa Kihehe jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Hatukuwaambia wengine kilichotokea mpaka watu walipokwisha kula.

Kesho yake nilitaka kigari kirudi Temeke. Mume wangu alikataa. Fundi wa Mbagala alipoona picha ya ule mwanya akasema, "Dada, nimekosa. Kile chuma chembamba kilishaungua na moto wangu. Niacheni nirudie." Nilikubali kwa sharti moja: mgonjwa awepo. Tulikwenda naye, akakaa kwenye benchi katikati ya cheche, na safari hii hakuna kilichochomelewa kwenye fremu. Mume wangu alichora kwa chaki sakafuni vibano vinne vya kukumbatia bomba kwa boliti, na fundi akavitengeneza vilivyochorwa. Kibano kimoja hakikumridhisha. Fundi akakifanya upya, akanung'unika, akakifanya. Baadaye tukakipeleka chombo kukaguliwa, tukapata kibali.

Nilidhani nitakuwa na amani baada ya hapo. Sikuwa nayo. Kwa miezi, kila mteremko ulinikausha mate, na mpaka leo kabla ya kutoka napiga magoti kwenye vumbi na kugusa vibano vyote vinne kimoja kimoja, naye ananiangalia, na hatutoki mpaka aseme basi.

Juzijuzi, tukirudi kutoka mazoezini, askari wa trafiki, mama mmoja wa makamo, alitusimamisha kabla ya Kibamba. Aliizunguka pikipiki. Nilikuwa na vibali vyote mkobani, lakini vidole havikupata zipu.

"Hiki chombo cha nani?" aliniuliza. "Mbona kimebadilishwa hivi?"

Nilifungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Cha...ngu," mume wangu akasema kutoka chini. "Huyu... de...reva. Mie... a...biria."

Askari akamwinamia. Watu wengi wakimsikia huongea na mimi badala yake, kama kwamba hayupo. Huyu aliongea naye. "Sawa mzee. Vibali mnavyo, nitaviona. Lakini kofia yako hujaifunga. Abiria naye anafunga."

Ule mkanda wa chini ya kidevu ulikuwa unaning'inia. Nikainama nimfungie, kama ninavyofanya kila siku. Akageuza kichwa pembeni. Akaukamata mwenyewe kwa mkono wa kulia, akaupitisha kwenye pete ya kwanza ya kufungia, ukachomoka. Akaupitisha tena. Magari nyuma yetu yakaanza kupiga honi. Askari aliyainulia mkono yasubiri, bila kuondoa macho kwa mume wangu. Mimi nilishikilia klachi na kutazama barabara mbele, nikijizuia kwa nguvu zote nisimsaidie, mpaka nikasikia mkanda umevutwa na kubana.